Maoni Yetu: Mtoto Akiuliza, Kiboko si Jibu

Mtoto mwenye usonji hajui kuzungusha maneno. Likimjia neno atalisema, na atalisema palepale: kwenye foleni ya tiketi bandarini, msibani, kanisani katikati ya mahubiri, au pale akina mama wanapogeuza dagaa juani. Siku akitamka kwamba yeye si msichana kama watu wanavyomwita, au kwamba hataki kukua awe mwanamume, habari hiyo haitalala. Nansio, hapa kisiwani Ukerewe, ni mji mdogo. Asubuhi neno limesemwa sokoni, jioni limefika Nkilizya na Bukongo, na kesho yake shangazi anapiga simu kutoka Mwanza kuuliza huyo mtoto mnamlea vipi.

Leo tunaandika kwa ajili ya mzazi wa mtoto huyo. Hatudai kwamba wazazi wa namna hii ni wengi. Tunasema wamebebeshwa mzigo wa pande mbili, usonji na swali la jinsia, na upande wa pili hata jirani mwema hathubutu kuwauliza. Msimamo wetu ni huu: mtoto huyo hajafanya kosa lolote, swali lake halilazimu kupata jibu leo, na kazi ya kwanza ya mzazi ni kuhakikisha kwamba nyumbani anaweza kulisema bila kupigwa.

Tuanze na usonji wenyewe, maana bado unasingiziwa mengi. Si laana, hauambukizi, na si adhabu ya kosa la mama. Ni namna ubongo ulivyojijenga tangu mtoto akiwa mdogo, na inaonekana katika jinsi anavyoongea, anavyohusiana na watu, anavyoshikilia utaratibu wake na anavyohisi sauti, mwanga na mguso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hata hivyo, watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu pwani ya Kenya, wakachapisha walichokisikia mwaka 2015, walikuta mapepo, uchawi na laana vikitajwa kuwa chanzo, sambamba na maradhi. Wangekuja Ukerewe wangesikia hayohayo. Mtoto ambaye tayari anasemwa kuwa ana pepo, akiongeza neno juu ya jinsia yake, watu watasema pepo limejitaja jina.

Pepo halimo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichapisha uchambuzi wa taarifa za watu zaidi ya 600,000. Walibaini kwamba watu ambao jinsia wanayojihisi kuwa nayo hailingani na ile waliyoandikishwa walipozaliwa walikuwa na uwezekano wa kuwa na usonji mara tatu hadi sita zaidi ya watu wengine. Miaka kumi kabla ya hapo, kliniki moja ya Amsterdam, Uholanzi, ilichapisha uchunguzi wa watoto na vijana 204 waliofikishwa kwake kwa sababu ya jambo hili, uliokuta karibu asilimia 8 wana usonji. Hizo si takwimu za kumtisha mtu. Watoto wengi wenye usonji hawana swali hili kabisa. Zinachosema ni kwamba mambo haya mawili hukutana kwa mtoto mmoja mara nyingi kuliko ilivyodhaniwa, na jambo hili likimkuta mwanao hapa kisiwani, hakulitoa kwenye simu ya mtu wala hakulogwa.

Kwa nini hukutana? Wapo wanaosema mtoto mwenye usonji hajali sana watu watamwonaje, kwa hiyo hulitoa lile ambalo wenzake hulimeza. Wapo wanaosema mwili wake huhisi mambo kwa ukali, hivyo balehe humtesa kuliko wengine. Wengine wanataja tabia ya kushika wazo moja na kuling'ang'ania. Yawezekana kila maelezo yana ukweli kwa mtoto fulani. Ndiyo sababu mzazi aanze na mtoto wake kabla ya nadharia za watu.

Na kuanza na mtoto ni kuangalia vitu vidogo. Chukua sare ya shule. Shati lina lebo shingoni, na kwake lebo ile inakwaruza kama msumeno. Mpira wa soksi unabana. Sketi ya marinda inapepea, inagusa magoti, inamwondolea utulivu darasani. Msichana wa miaka kumi na moja anayesema hataki kuwa msichana huenda anasema hivyo kwa sababu aliona wavulana hawavai hiyo sketi, na kwa hesabu yake dawa ni kuwa mvulana. Kata lebo. Mruhusu avae kaptula nyumbani. Tafuta soksi zilizolegea. Kisha subiri uone. Ikiwa ilikuwa sketi, neno litapungua lenyewe. Ikiwa haikuwa sketi, litabaki, nawe utakuwa umejua kitu kwa hakika badala ya kukisia.

Balehe ndipo penye kazi zaidi. Mtoto wa namna hii anapenda kesho ifanane na leo, na mwili ndio kwanza umeamua kubadilika kila wiki. Mvulana anasikia sauti yake inakwaruza na haitambui. Msichana anaona damu ambayo hakuna aliyemwambia itakuja, na pedi inamkera ngozi kutwa nzima. Wazazi wetu wengi huacha somo hili kwa bibi au shangazi, na bibi hufundisha kwa mafumbo. Mafumbo mtoto mwenye usonji hayashiki. Mwambie waziwazi, mapema, kwa maneno ya kawaida na kwa picha ikibidi: kitu gani kitatokea, kitaanzia wapi, kitadumu muda gani, ufanye nini siku hiyo. Kama anauchukia mwili kwa sababu hauelewi, maelezo yatamsaidia sana. Kama bado anauchukia baada ya kuuelewa, hilo ni jambo jingine, na nalo lisikilizwe kwa uzito wake.

Namna ya kuuliza nayo ina kanuni zake. Ukimuuliza kwa ujumla, «kwani una tatizo gani wewe?», atakaa kimya au ataondoka. Muulize kitu kimoja kimoja. Ni nguo? Ni nywele? Ni jina unaloitwa? Ni wenzako wanavyokucheka? Ni mwili? Sehemu gani? Mpe muda, hata kama ni siku nzima. Kama kuongea kunamchosha, aandike au achore. Usimkazie macho wakati anajibu, maana wengi wao kutazamana usoni kunawavuruga. Akimaliza, usibishane naye. Mwambie umesikia, kwamba wewe ni mama yake au baba yake jana na kesho, na kwamba mtaendelea kuongea.

Hapa tuseme wazi mambo mawili ambayo wazazi hukosea, kila mmoja kwa upande wake. La kwanza ni kudai kwamba ni usonji tu unaomsemesha, kwamba hajui asemalo. Si kweli. Mtu mwenye usonji anaweza kujijua vizuri kuliko wewe unavyomjua, na wapo watu wazima duniani wenye usonji waliosema neno lilelile wakiwa na miaka 12 na wanalisema wakiwa na miaka 40. La pili ni kukimbilia upande wa pili, mtoto aseme leo na kesho nyumba nzima iwe imeshatangaza jibu. Mtoto anayeshika mambo kwa nguvu anaweza kushindwa kurudi nyuma hata pale yeye mwenyewe angetaka, kwa sababu watu wazima wameshafunga mlango nyuma yake. Wapo watoto ambao neno hili hubaki nao maisha yao yote, wapo ambao huondoka. Ukimtazama mtoto wa miaka kumi na moja huwezi kujua yuko kundi gani. Mwache akue.

Kiboko je? Ndugu watasema samaki mkunje angali mbichi. Tunajua watasema, kwa sababu kisiwa hiki kinaishi kwa samaki na methali hiyo iko mdomoni kila siku. Lakini kiboko hakimbadilishi mtoto mwenye usonji. Kinamfundisha kwamba kusema ukweli kunaumiza, naye akishajifunza jambo halisahau. Atanyamaza. Wazazi watashukuru kwamba ametulia. Kumbe utafiti umeonyesha tena na tena kwamba vijana wenye usonji, na vijana wenye maswali ya jinsia, wote wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kufikiria kujiua. Anayebeba yote mawili peke yake, kimya, ndani ya nyumba aliyopigwa, ndiye wa kumwogopea zaidi.

Maombi hatuyapingi. Mzazi anayeamini amwombee mwanawe, na afanye hivyo kwa upendo. Tunachopinga ni mtoto kufungiwa siku tatu bila chakula ili atolewe pepo, au kupelekwa kwa mganga akachanjwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto na kumtendea kwa namna ya kumdhalilisha. Haikuweka kando mtesaji mwenye nia njema. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Bunge letu wenyewe liliyapitisha hayo.

Mzazi mwingine anaogopa polisi. Amesikia vifungo virefu vya mapenzi ya jinsia moja vilivyomo kwenye Kanuni ya Adhabu, akaona mwanawe ameshaingia humo. Hajaingia. Kanuni ya Adhabu inahukumu matendo. Mtoto aliyesema anavyojihisi, au aliyeuliza swali, hajatenda kosa lolote, na mzazi aliyemsikiliza hajatenda kosa lolote. Kiongozi wa mtaani atakayejaribu kuligeuza jambo hili kuwa kesi anapaswa kuambiwa hivyo bila kutetemeka.

Ila hofu ya watu ni ya kweli, na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mzazi wa Nansio anapohitaji busara kuliko mzazi wa mahali pengine popote. Mtoto wetu husema kila kitu kwa kila mtu. Mji wetu husikia kila kitu. Ukimwambia «usiseme hivyo kamwe», umemwambia kwamba yeye ni aibu. Ukimwacha aseme popote, kuna siku atalisema mbele ya mtu mkatili. Afundishwe basi tofauti ya jambo la siri na jambo la faragha, na afundishwe kwa orodha, maana orodha anaielewa. Haya tunayaongea na mama na baba. Haya unaweza kumwambia na mwalimu fulani. Haya hatuyasemi kwenye gari, sokoni wala bandarini, kama vile tusivyoongelea choo wala mshahara wa baba hadharani. Si mabaya, ni ya kwetu. Rudieni orodha hiyo kila inapobidi. Akikosea akasema mbele za watu, msimfokee hapo. Mama ajibu kwa utulivu, «tutaongea nyumbani,» na kumgeukia mwuza nyanya aendelee na bei. Mzazi asipobabaika, umbeya unakosa pa kushika.

Mtoto huyu yuko hatarini kwa njia nyingine pia. Anaamini anachoambiwa. Mtu mzima akimwambia «mimi nakuelewa, njoo kwangu, usimwambie mama», atakwenda. Kwa hiyo kwenye ile orodha iwemo hii: mtu mzima yeyote anayekwambia usimwambie mama, mwambie mama siku hiyohiyo. Mtoto ambaye hapigwi nyumbani kwa swali lake hana sababu ya kulipeleka kwa mtu huyo.

Akina baba, tunawageukia nyinyi. Mtoto akiwa na usonji lawama humwangukia mama, na mtoto akisema neno kama hili humwangukia mara mbili. Mama mkwe atasema ukoo wa kwao ndivyo ulivyo. Wapo wanaume wanaofungasha. Watu wa kisiwa hiki wana riwaya yao kuhusu lawama za namna hiyo za ndugu: Aniceti Kitereza alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, na ilipochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980 iliitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndugu wa mume walimkebehi Bugonoka kwa kukosa mtoto mpaka wazazi wake wakamrudisha kwao. Myombekere hakukaa kuwasikiliza ndugu. Alifunga safari kwa wakwe, akatii masharti yao, akatafuta pombe ya ndizi waliyomdai, akamrudisha mkewe nyumbani. Mwanamume wa Kikerewe alijua tangu zamani kwamba maneno ya ndugu yana mpaka, na mpaka huo huwekwa na mume. Baba wa mtoto huyu awaambie kaka zake na mama yake, mara moja, kwa heshima: huyu ni mwanangu, na habari zake mtazipata kwangu.

Ukerewe inajua pia gharama ya uvumi juu ya mtoto aliyezaliwa tofauti. Hapa wanaishi watu wengi wenye ualbino, na hatujasahau miaka ile Kanda ya Ziwa ilipoomboleza watu waliouawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Watoto walifichwa ndani. Leo mtoto mwenye ualbino anakwenda shule na kofia yake pana na mafuta yake ya ngozi. Bado kuna kazi, lakini wengi wetu tumejifunza kunyamaza pale tulipokuwa tunanong'ona. Kilichobadilika si mtoto. Ni sisi.

Kuna ugomvi mkubwa unaoendelea nchi za mbali juu ya dawa za kuzuia balehe kwa watoto wenye swali hili. Uingereza, tathmini iliyoongozwa na daktari Hilary Cass ilitoka Aprili 2024, ikasema ushahidi wa dawa hizo ni dhaifu na kwamba kila mtoto aangaliwe kwa ukamilifu wake, ikiwemo kupimwa kama ana usonji. Desemba mwaka huohuo serikali ya huko ikalifanya zuio lake la dawa hizo kwa walio chini ya miaka 18 kuwa la muda usio na kikomo, isipokuwa ndani ya utafiti. Marekani, vyama vikubwa vya madaktari vimekuwa na mtazamo tofauti, na majimbo yamegawanyika. Tunayataja kwa sababu mzazi atayakuta kwenye simu yake usiku wa manane na yatamtia kiwewe. Ugomvi huo hautamsaidia mtoto wa hapa kisiwani. Yeye anahitaji maneno mazuri nyumbani, mwalimu mwenye akili, na daktari anayejua usonji. Mambo hayo matatu ndiyo ya kudai.

Daktari yuko ng'ambo. Idara ya afya ya akili ya hospitali ya Bugando iko Mwanza, na kutoka Nansio ni saa kadhaa ndani ya meli iliyojaa watu, magunia na kuku, yenye honi inayomfanya mtoto huyu azibe masikio na kulia hadi gati la pili. Ukipitia Rugezi na Kisorya unavuka kwa kivuko na kuanza safari ndefu ya barabara. Wazazi hujaribu mara moja, kisha huacha. Tunaitaka Halmashauri na Hospitali ya Wilaya ya Nansio ziombe Bugando itume wataalamu wa watoto na wa afya ya akili kuja hapa kwa siku zinazojulikana, walau kila baada ya miezi mitatu, zitangazwe redioni kama zinavyotangazwa kliniki za macho. Mtoto aonwe faraghani, na kinachosemwa kwenye chumba kile kisitoke na muuguzi kwenda kantini.

Walimu tunao karibu. Chuo cha Ualimu Murutunguru kiko humu humu kisiwani. Kila mwanachuo anayetoka pale aende kazini akijua usonji unafananaje darasani, na akijua la kufanya mwanafunzi akimwambia jambo zito: amsikilize, asimcheke, asilipeleke ofisini kwa walimu kuwa kichekesho cha chai. Wanaomwita mwenzao jike dume uwanjani wakemewe siku hiyohiyo. Na mkuu wa shule anayeombwa na mzazi ruhusa ya mtoto mwenye usonji kuvaa suruali ya sare badala ya sketi, au kunyolewa kwa mkasi nyumbani kwa sababu mashine inamtia kichaa, aruhusu. Hahitaji waraka kutoka Dodoma kwa hilo.

Mzazi ambaye leo hana wa kumwambia anaweza kuanza na afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au kupiga namba 116, ambayo ni ya huduma ya simu kwa mtoto na haina malipo. Halazimiki kutaja jina. Aseme mwanawe ana usonji, ana miaka mingapi, amesema nini, na yeye mzazi anaogopa nini.